Risala ya wafanyakazi wa jikoni na nyuma ya kamera kwa Shefu na waandaaji wa picha

Shefu wetu, Ndugu Mkurugenzi wa kampuni ya matangazo, Ndugu Mpiga Picha, Ndugu Mhasibu, wafanyakazi wenzangu.

Tuliambiwa kwamba leo kuna kikao cha kujiandaa kwa awamu ya pili ya picha za kitabu na za mabango, na kwamba sisi wa jikoni tutapewa dakika tano za kutoa neno la shukrani. Jumapili tukakusanyika nyumbani kwa mwenzetu Mbagala, tukaandika. Shukrani zimo, lakini mengine yamezidi. Tunaomba mtuvumilie, dakika tano hazitatosha.

Tuko saba: wapishi wawili, mpamba sahani, muosha vyombo, kijana wa taa, dada wa sokoni na dereva wa kirikuu. Mimi ninayesoma ni mmoja wa hao wapishi.

Shefu, shukrani tunaanza nazo kwa sababu unazistahili. Wewe ndiye uliyetufundisha kunoa kisu kwa jiwe badala ya kukisugua kwenye kitako cha sahani. Wewe ulitukataza kutupa vichwa vya samaki. Ulipohojiwa redioni ukasema ulianza kwa kuosha masufuria kwa mama lishe, mikono ikichubuka kwa majivu, sisi tulikuwa jikoni tunasikiliza na tukapiga makofi. Hatukukupigia makofi kwa unafiki. Na kwa kuwa uliyasema hayo kwa kinywa chako, tunaamini haya tunayoyaleta hayatakuwa mageni kwako.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Wengi mliomo humu mnaijua, ila nakala ya risala hii itabaki kwenye faili, na atakayeisoma kesho huenda hajawahi kuona picha ya chakula inavyopigwa.

Siku ya samaki wa kupaka ilianza saa tisa na nusu usiku. Dada wa sokoni alitoka Gongo la Mboto kwa bodaboda kwenda Feri, awahi mnada kabla wachuuzi hawajamaliza samaki wazuri. Kwenye picha samaki hujulikana kwa jicho. Likishaingia ukungu, umpake tui zito la nazi ngapi, anayetazama anajua huyu kalala. Alinunua changu kumi na mmoja kwa ajili ya sahani moja. Wa kwanza alikuwa wa kupimia taa. Wa pili na wa tatu ngozi iliganda kwenye wavu ikachanika. Wa nne alitoka vizuri, lakini Ndugu Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, na alipoimaliza tui lilikuwa limekauka likapasuka kama tope la kiangazi. Aliyemo kwenye kitabu, ukurasa mzima, ni wa tisa. Nauli ya bodaboda dada aliitoa mfukoni mwake, na mpaka leo hajarudishiwa, kwa sababu mhasibu anataka risiti ya EFD. Tunauliza kwa heshima: ni bodaboda gani wa saa tisa usiku mwenye mashine ya EFD?

Mpamba sahani naye ana yake. Kila chakula hupikwa mara mbili: sahani ya kupimia, inayokaa chini ya taa wakati mpiga picha anahangaika na vivuli, na sahani yenyewe, inayoingia dakika ya mwisho. Majani ya kotimiri yanakaa kwenye maji ya barafu, yakitolewa hayamalizi dakika kumi kabla ya kulala. Punje za biriani zinapangwa moja moja kwa kikoleo cha kutindia nyusi, ile ya rangi ya zafarani ikae juu ya nyeupe, iliki ionekane lakini isionekane kama imewekwa. Anafanya hayo akiwa ameinama, na feni zimezimwa, maana upepo wa feni unakausha chakula na kutikisa kile kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga. Madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi. Mnaojua Dar es Salaam ya mwezi wa pili hamhitaji kusimuliwa zaidi.

Siku hiyo ya samaki, Shefu, wewe ulifika saa nne kasorobo asubuhi. Ukapambwa, ukapigwa picha, ukahojiwa, ukaondoka saa saba. Hatukulaumu, una mikutano na una watoto. Sisi tulifunga mlango saa tano na robo usiku. Kuanzia Feri mpaka kufuli ni karibu saa ishirini. Katikati tulipumzika mara moja, tukila chapati na chai tumesimama kwenye korido, huku kijana wa taa akiwa ameshikilia stendi kwa mguu isije ikaanguka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tumeisoma. Mtoto wa mwenzetu anasoma sheria, alituletea. Inasema saa za kawaida ni tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Ziada ni kwa makubaliano, nayo inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Hata kwa makubaliano, mtu hafanyishwi kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Aliyefanya zaidi ya saa tano mfululizo anapata mapumziko ya saa nzima, na kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia tano. Tulipogusia jambo hili awamu iliyopita tukajibiwa kwamba hiyo ni sheria ya walioajiriwa, ninyi ni wa kutwa. Ndugu Mkurugenzi, sheria hiyohiyo inautambua mkataba wa kazi maalumu. Kibarua wa siku tatu naye ana mwajiri kwa siku hizo tatu.

Kwenye malipo hatutakawia. Tulikubaliana shilingi 40,000 kwa siku. Zilikuja baada ya wiki tisa, kwa simu, bila pesa ya kutolea. Tulipouliza tukaambiwa mteja hajalipa. Mteja ni wenu, sisi hatumjui, na mwenye nyumba hana habari naye.

Kuna jambo la chakula chenyewe, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri kwa sababu liko karibu na dhambi. Baadhi ya vinavyopigwa picha haviliwi. Mboga hunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na glisirini ili matone yasikauke. Ule moshi nyuma ya bakuli la pilau ulikuwa wa pamba iliyoloweshwa na kuchemshwa. Kuku wa bango la barabarani alipikwa nusu, kwa kuwa kuku aliyeiva barabara ngozi inakunjamana, kisha akapakwa sosi ya soya iliyotiwa sabuni kidogo ya vyombo ili rangi ishike. Huo ndio ufundi wa kazi hii dunia nzima na hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni kwamba kuku yule, baada ya picha, alifungwa kwenye foili akapewa mlinzi wa geti kwa ukarimu. Aliyempa hakujua, na sisi tuliojua tulikuwa ndani tunafua mapazia. Mlinzi aliharisha siku mbili. Alipopona alikuja kutushukuru kwa kuku, hakuwa ameunganisha mambo hayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata ujasiri wa kumwambia. Tunamwambia leo kupitia risala hii, na tunamwomba radhi.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni chakula kizima kinachotupwa. Siku ya biriani tulipika kilo tano za mchele na mbuzi wa kutosha watu hamsini. Sahani moja ilipigwa picha. Sufuria lililobaki halikuwa na glisirini wala kitu chochote, ila lilikaa wazi chini ya taa mchana kutwa kwa sababu mpiga picha alisema huenda akalihitaji nyuma ya sahani, liwe ukungu-ukungu. Hakulihitaji. Saa nne usiku lilikuwa limeshaanza kunuka, tukalimwaga. Muosha vyombo alilia. Msidhani alililia biriani. Kwake siku hiyo watoto walikuwa wamelala na uji.

Na wakati huohuo, Shefu, kwenye kurasa zako kuliandikwa kwamba picha hizi hazina ujanja wowote, kila unachokiona kimetoka jikoni kwangu na kimeliwa. Hapo mmetuweka pabaya, maana watu wa mtaani wanatuuliza sisi. Wamarekani walishapitia hili. Kampuni ya supu ya Campbell's ilitia gololi za kioo chini ya bakuli ili mboga zielee juu kwenye picha za tangazo, na mwaka 1970 jambo hilo liliishia kwenye amri ya Federal Trade Commission, ile tume yao ya biashara. Gololi hazikumdhuru mtu. Tatizo lilikuwa kwamba mnunuzi alionyeshwa mboga nyingi kuliko alizouziwa. Sisi tunasema mapambo ni mapambo, yafanyike, ila msiandike kwamba hayapo.

Sasa nisome sehemu ambayo wenzangu walitaka mwingine aisome, nikakataa.

Bango lililoko barabara ya Bagamoyo, lenye mkono wa mwanamke unaomimina mafuta ya moto yenye vitunguu saumu juu ya samaki, mkono ule ni wangu. Siku ile Shefu alikuwa amebandika kucha ndefu za sherehe ya usiku, na mpiga picha akasema kucha za namna hiyo hazikai na chakula. Wakatutazama mikono sote. Wakachagua wangu kwa sababu ni mwembamba na rangi inaelekeana. Nikavuliwa bangili yangu ya shaba, nikavikwa pete ya Shefu na mkono wa gauni lake ukakunjwa hadi kwenye kiwiko. Tulimimina mara ishirini na tatu. Kila mara naambiwa: juu zaidi kidogo, polepole, mafuta yashuke kama uzi. Kila mara mafuta yanarudishwa motoni, kwani yakipoa hayachemki yakifika kwenye samaki na picha inakuwa imekufa. Mara ya ishirini na tatu mpini wa kikaango ulikuwa umeshika moto, kitambaa cha kushikia kilikuwa kimeondolewa kisionekane, mkono ukacheza. Mafuta yaliniingia kwenye kifundo na kupanda juu kiasi cha vidole vinne.

Huduma ya kwanza ilikuwa dawa ya meno. Aliyenipaka alikuwa na nia njema, hivyo ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Lakini kinachotakiwa ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika ishirini. Na bomba lilikuwa hatua tano, na mbele yake pamewekwa meza ya vipodozi. Sanduku la huduma ya kwanza halikuwepo. Nilipelekwa zahanati na dereva wa kirikuu, tukalipa wenyewe. Nilikaa nyumbani siku kumi na mbili bila malipo.

Picha waliyoichagua ni hiyo ya ishirini na tatu. Mafuta yako hewani, bado hayajanifikia. Kwenye nyingine zilizofuata, zile za karibu za mkono ukishika kijiko, kovu lilionekana, wakalifuta kwenye kompyuta. Mkono wangu uko safi kuliko nilivyozaliwa nao.

Pete ilikuwa na daftari. Imeandikwa saa iliyotoka, saa iliyorudi, na nani ameipokea. Kuungua kwangu hakukuandikwa mahali popote. Baadaye nilipokwenda kuulizia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nikaombwa taarifa ya ajali kutoka kwa mwajiri, nikarudi kwenu, nikaambiwa kampuni ya matangazo inasema mwajiri ni Shefu, na ofisi ya Shefu inasema mwajiri ni kampuni ya matangazo. Mfuko huo mwajiri ndiye anayeuchangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Inavyoonekana nilimimina mafuta mara ishirini na tatu bila mwajiri.

Limebaki jambo la majina. Kitabu kina ukurasa wa shukrani: wametajwa wadhamini, mbunifu wa mavazi, msusi, duka lililotuazima sahani. Jikoni imeandikwa "na timu nzima". Basi. Na mapishi ya samaki wa kupaka, yale yanayoanza na kusaga kitunguu saumu na pilipili mbuzi pamoja na ndimu kabla ya kugusa nazi, yamewekwa chini ya kichwa cha habari kinachosema ni siri ya familia ya Shefu. Mwenzetu mpishi mkubwa aliyaleta kutoka kwa mama yake, Pangani. Hatudai kwamba samaki wa kupaka ana mwenyewe. Anapikwa pwani yote, Lamu mpaka Kilwa, na kila nyumba itakuambia ya kwao ndiyo. Lakini yule mama yupo hai, anajua kusoma, na kitabu amekiona.

Baada ya kusema hayo, tunaomba na tunadai yafuatayo kabla ya awamu ya pili.

Kubwa kuliko yote, kabla mtu hajawasha jiko, tuwe na karatasi iliyosainiwa inayosema mwajiri ni nani. Akiwa Shefu, sawa. Ikiwa kampuni, sawa. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, siku ngapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kiasi gani, na kinalipwa lini. Tunapendekeza nusu ilipwe siku ya kwanza na nusu siku saba baada ya kumaliza, pamoja na ya kutolea. Saa ya kwenda Feri ihesabiwe kuwa ni saa ya kazi, kwa sababu ndiyo. Zikipita tisa, ziada ilipwe kama sheria inavyosema, na zikifika kumi na mbili taa zizimwe, hata kama sahani ya mwisho haijapendeza. Anayemaliza baada ya daladala kuadimika arudishwe nyumbani kwa gari. Matumizi madogo ya sokoni yakubaliwe kwa daftari lenye saini za watu wawili, maana muuza nazi wa Kisutu hatabadilika kwa ajili yetu.

Kuhusu usalama: sanduku la huduma ya kwanza, blanketi la moto, bomba lisizibwe na meza, mitungi ya gesi ikae nje ya ukuta, na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema basi. Mtu huyo asiwe mpiga picha. Tunakuheshimu, kaka, lakini jicho likiwa kwenye kamera halioni mpini wa kikaango. Ajali yoyote iandikwe siku hiyohiyo, na ya kwangu iandikwe sasa, ingawa imechelewa. Gharama za zahanati na siku kumi na mbili nilizopoteza nimeziambatanisha mwisho wa risala.

Chakula kisicholiwa kiwekwe kwenye ndoo nyekundu yenye mfuniko, kisitoke getini. Kinacholiwa kitengwe mapema na kiliwe kingali cha moto: na sisi, na mlinzi, na kikizidi kipelekwe kwenye kituo cha watoto kabla ya magharibi. Tungeomba pia mlo wa mchana wa kukaa chini. Ni aibu kidogo kuliomba hili mbele ya mpishi.

Majina saba yaandikwe kwenye toleo la pili la kitabu, kila jina na kazi yake. Mapishi ya Pangani yapewe mwenyewe, hata kwa mstari mmoja. Na mkono wa mtu ukitumika kama mkono wa mwingine, akubali kwa maandishi na alipwe kwa kazi hiyo mbali na ya jikoni. Wanamitindo wanalipwa kwa nyuso zao na hakuna anayeshangaa.

Kuna tusiyoyadai, tuyaseme ili yasizue maneno. Hatutaki kusimama mbele ya kamera. Hatutaki asilimia ya mauzo ya kitabu. Hatuna mpango wa kwenda kwa waandishi wa habari. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi tunajua ilipo, na hata huko tungependelea tusifike.

Shefu, ukipita barabara ya Bagamoyo jioni kwenye foleni, tazama lile bango. Pete utaitambua. Sisi tunaopanda daladala tunalipita kila siku, na kondakta mmoja aliwahi kuniambia, dada, yule mama ana mkono mzuri. Nilimwambia kweli.

Ndugu Mpiga Picha ameshaomba kwamba kwa awamu ya pili atumie mkono uleule, ili picha zifanane. Ratiba inaonyesha tunaanza Alhamisi, kwa pweza na samaki, na dada anatakiwa Feri kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Tunaomba majibu ya maandishi hadi Jumatatu saa kumi jioni. Yasipokuja, Alhamisi hakuna atakayekwenda Feri.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wafanyakazi saba wa jikoni na nyuma ya kamera. Saini ziko ukurasa wa nyuma. Ya kwangu nimeiweka kwa mkono wa kulia, ule mwingine bado unavuta.